Bwana Pascal na Breki za Motokaa

Wasomaji wetu wa Rujewa wasafirio kwenda Dar es Salaam wanaujua mteremko wa Kitonga. Basi likisha kupita Ilula, njia huinama ghafula, upande huu ukuta wa mwamba, upande ule korongo. Mazungumzo hupungua, na kina mama wawili watatu hutoa rozari zao. Wakati huo kila abiria amekwisha kuuweka uhai wake chini ya wayo wa dereva. Nao wayo wa mtu una nguvu gani hata uzuie chuma cha tani nzima kishukacho mlimani? Mabasi makubwa na malori husimamishwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Lakini motokaa ndogo zifuatazo nyuma husimamishwa kwa mafuta ambayo mara nyingi hayapati hata lita moja, yaliyofungiwa ndani ya vijibomba vyembamba. Mtu aliyeieleza siri hiyo alifariki mwaka 1662, wala hakujua gari jingine ila la farasi. Twapenda leo kusimulia habari zake.

Blaise Pascal alizaliwa Clermont, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alikufa mtoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake, Étienne, hakuoa tena, bali alimfundisha mwenyewe pamoja na Gilberte, dada yake mkubwa, na Jacqueline, mdogo wao. Mzee huyo alikuwa mjuzi wa hesabu, lakini alimficha mwanawe vitabu vya elimu hiyo, asije akaipenda mno na kuacha Kilatini. Kazi bure. Siku moja alimkuta, kijana wa miaka 12, akichora sakafuni kwa makaa, amekwisha kuanza kugundua peke yake kanuni za pembe tatu. Alipopata miaka 19 alianza kuunda mashine ya kujumlisha, apate kumpunguzia baba yake mzigo wa hesabu za kodi huko Rouen. Aliijaribu na kuivunja na kuiunda upya mara nyingi, na afya yake, iliyokuwa dhaifu tangu utoto, ikazidi kudhoofika.

Siku zile wataalamu walikuwa wakishindana juu ya hewa: je, ina uzito au haina? Pascal aliwaza kwamba kama hewa ina uzito, basi zebaki iliyosimama ndani ya bomba la kioo itashuka mtu apandapo mlimani, kwa maana huko juu hewa imlemeayo ni chache. Yeye alikuwa mgonjwa, akamwomba Périer, mume wa Gilberte, ampandie mlima wa Puy-de-Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha bomba moja chini katika bustani ya watawa, na mtawa mmoja akaliangalia mchana kutwa. La pili akalipeleka kileleni, yeye na mapadre na watu wengine wa mji. Kileleni zebaki ilishuka zaidi ya inchi 3. Bomba la bustanini halikutikisika. Atokaye uwanda wa Usangu kupanda milima ya Mbeya, masikio yakamziba njiani, amelionja jambo hilo hilo bila zebaki.

Kutoka hewani akaingia majini, na hapa ndipo ilipo asili ya breki zetu. Maji hayabanwi yakapungua kama hewa. Ukiyafungia chomboni na kuyasukuma mahali pamoja, msukumo hauendi upande mmoja tu, bali huenea sawasawa kila upande, hata pembe ya mwisho. Pascal alieleza juu ya chombo chenye matundu mawili, moja kubwa mara 100 kuliko la pili, kila moja na kizibo chake: mtu mmoja akisukuma kizibo kidogo huwaweza watu 100 wasukumao kile kikubwa. Wala si uchawi. Kizibo kidogo kikienda inchi 1, kile kikubwa husogea sehemu moja tu ya 100 ya inchi. Lipatikanalo kwa nguvu hulipwa kwa mwendo. Kwa heshima yake kipimo cha mgandamizo kiliitwa paskali mwaka 1971.

Tuseme dereva akanyaga pedeli kwa nguvu ya kilo 30, na wenzo wa pedeli waizidisha mara 5. Kilo 150 zikishukia pistoni ya masta silinda yenye eneo la sentimita 3 za mraba, kila sentimita ya mafuta hubeba kilo 50. Kule gurudumuni pistoni ina sentimita 20: hiyo ni tani nzima ikibana pedi. Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyepata hati ya breki za namna hiyo mwaka 1917. Lakini sharti ni moja, mafuta yawe matupu bila hewa. Dereva akishuka mlima mrefu hali amekanyaga breki muda wote badala ya kutia gia ndogo, vyuma huwaka, na mafuta ya zamani yaliyokwisha kunywa unyevu huchemka. Mvuke hubanika, mguu huenda mpaka sakafuni na gurudumu halina habari. Kuokoa shilingi za mafuta ya breki tunakuona kuwa ni kukopa kwa mkopeshaji mkatili mno.

Turudi kwa Pascal. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alijiliwa na Mungu kwa namna iliyomgeuza moyo. Aliiandika karatasini, akaishona ndani ya koti lake, ikaonekana alipokwisha kufa. Hatufichi kwamba alijitia katika magomvi ya wafuasi wa Jansenius, wala kwamba barua zake kali juu ya Wajesuiti zilipigwa marufuku na Roma mwaka 1657. Hata hivyo mwaka 2023, alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, Papa Fransisko, Mjesuiti, alimwandikia barua nzima ya sifa.

Wachache wajua kwamba mtu huyu ni babu wa mabasi pia. Mwezi Machi 1662, yeye na rafiki zake walianzisha mjini Paris magari ya farasi yenye njia maalumu na nauli ndogo ya soli 5, yakiondoka kwa saa yake hata yakiwa na nafasi. (Wapiga debe wetu na wasikie.) Katika faida yake aliomba apewe fedha mapema kwa ajili ya maskini wa Blois.

Wakati huo alikuwa amekaribisha nyumbani kwake familia ya maskini. Mtoto wao akashikwa na ndui. Pascal, ingawa mgonjwa mahututi, alikataa mtoto ahamishwe. Akahama yeye, akaenda kwa Gilberte. Huko alipokea sakramenti, akafa tarehe 19 Agosti 1662, umri miaka 39, akazikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont. Kitabu chake cha maji kilikuwa bado hakijapigwa chapa. Kilitoka mwaka uliofuata, kwa juhudi ya Périer, yule aliyempandia mlima.