Salim Rashid Suri, baharia wa Sur na udi wake

Marehemu Salim Rashid Suri alizaliwa karibu mwaka 1910 mjini Sur, bandari ya mashariki mwa Oman ambayo majahazi yake yalizoeleka sana Zanzibar wakati wa kaskazi. Alipenda kuimba na kupiga udi, lakini jamaa zake hawakutaka mwimbaji nyumbani. Akaingia baharini, na watu wakamwita Baharia Mwimbaji.

Udi si kama gitaa. Shingo yake haina vigawanyo vya kuongoza vidole, na kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inapotoka. Dawa yake ni kurudia pole pole, tena na tena, mpaka sikio na mkono vikubaliane.

Katika miaka ya 1930 alirekodi santuri huko Bombay, India. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, na kosa lilikuwa halifutiki (vijana wa studio za kompyuta watashangaa!).

Baadaye akiwa Bahrain alianzisha kampuni yake ya santuri, Salimphone. Mwaka 1971 alirejea Oman, na Sultan Qaboos akamfanya mshauri wa utamaduni. Alifariki mwaka 1979.