Bibi Mary Anderson na Waipa ya Gari

Naomba nafasi katika jarida letu nipate kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi habari za mwanamke ambaye kazi yake twaiona kila mvua inyeshapo, lakini jina lake hatulitaji. Ni Bibi Mary Anderson, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kubuni waipa iliyofaa, yaani ule mkono wenye mpira unaopangusa kioo cha mbele cha gari.

Alizaliwa tarehe 19 Februari, 1866, katika jimbo la Alabama, Marekani, nchi ya mashamba ya pamba kama Simiyu yetu. Baba yake alifariki Mary akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1889 alihamia mji wa Birmingham na mama yake na dada yake, wakajenga nyumba ya kupangisha. Baadaye alikwenda California kuendesha shamba la ng'ombe na mizabibu, kisha akarudi. Hakuwa fundi wala mhandisi.

Katika majira ya baridi ya 1902 alikwenda New York. Huko alipanda tramu, gari la abiria lipitalo juu ya reli mjini, na theluji ilikuwa ikianguka. Dereva hakuona njia mpaka afungue kioo, na baridi ikawapiga wote. Wengine waliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Yeye alianza kuchora.

Chombo chake kilikuwa chepesi kueleweka. Ndani, karibu na usukani, palikuwa na mkono wa kushika. Dereva akiuvuta, mpira ulipita juu ya kioo kwa nje, na springi ikaurudisha. Tena wakati usio wa mvua kiliweza kuondolewa. Tarehe 10 Novemba, 1903, alipewa hataza namba 743,801 kwa miaka 17.

Basi, akatafuta mnunuzi. Mwaka 1905 kampuni moja ya Canada ilimjibu kwamba chombo hicho hakina faida ya kutosha. Hataza ikaisha mwaka 1920, na mwaka 1922 Cadillac wakaanza kuweka waipa katika magari yao yote. Mwenyewe hakupata malipo yoyote. Alifariki tarehe 27 Juni, 1953, akiwa na miaka 87, na mwaka 2011 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani.

Hapa Bariadi jua na vumbi la kiangazi huukausha mpira wa waipa ukapasuka. Masika yakifika, kioo hujaa tope jeusi la mbugani, na dereva haoni mtoto avukaye njia. Mimi na mzee wangu huibadili wenyewe nyumbani. Kwanza twapima ya zamani, kwani ya kulia na ya kushoto huweza kutofautiana urefu. Twainua mkono na kutandika kitambaa juu ya kioo, usije ukaanguka na kukipasua. Twabonyeza kishikizo, twavuta ya zamani, twasukuma mpya mpaka ilie, kisha twaijaribu kwa maji.

Wanafunzi wenzangu, Bibi huyu hakungoja kuitwa fundi ndipo afikiri. Mkiona dhiki ambayo wengine wameizoea, chukueni kalamu mchore.