Mtwa Mkwawa wa Uhehe, Akili Yake na Moyo Wake

Kalenga ni kijiji kilicho magharibi ya mji wa Iringa, mwendo wa kilometa kama 15, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Huko iko nyumba ndogo ya makumbusho, na ndani yake limewekwa fuvu la kichwa. Watu huja kutoka mbali kulitazama, kwa kuwa ni la Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898.

Habari za vita vyake zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Sisi tumependa kumtazama kwa njia nyingine, yaani jinsi alivyoitumia akili yake katika kuongoza, na mahali ilipompungukia. Kwa maana akili ya mwenye kuongoza haikai kichwani tu. Iko akili ya kupima mambo kabla ya kuyatenda. Iko akili ya kuujua moyo wako mwenyewe, kuushika usije ukakuchukua usikotaka. Tena iko akili ya kuijua mioyo ya wengine na kukaa nao. Mtu aweza kuwa tajiri wa moja na maskini wa nyingine. Wenzetu wanaokaa katika mabaraza ya wazee wa sharika wanajua hayo, hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Jina lake lilikuwa Mkwavinyika, na Mkwawa ni kifupi chake. Husemwa maana yake ni mtwaa nchi. Alizaliwa Luhota, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyezikusanya koo nyingi ndogo za nchi ile zikawa kabila moja lenye mtawala mmoja. Munyigumba alifariki mwaka 1879, na mara ugomvi ukazuka juu ya urithi. Mwambambe, mkwe wa marehemu, mtu hodari wa vita, alitaka kutawala, na Mkwawa ilimpasa kukimbilia Ugogo. Basi mwana wa mtawala akala chakula cha wageni katika nchi isiyo yake, asijue kama atarudi. Wengi hupita habari hii upesi, lakini sisi twaona ndiyo shule yake ya kwanza. Huko ugenini hakuna aliyempa kitu kwa sababu ya amri yake, maana amri hakuwa nayo. Aliporudi, watu wa baba yake walimfuata kwa hiari. Mwambambe akatafuta msaada nje, akaja tena na jeshi, akashindwa na kuuawa mahali panapoitwa Ilundamatwe, maana yake palipolundikwa vichwa. Jina hilo latuonyesha kwamba upole haukuwa tabia ya siku zile.

Alipokwisha kukaa imara, alitawala kwa akili nyingi. Nchi aliigawa kwa wazagila, wengine ndugu zake, wengine watu wa nyumba za watawala walioshindwa, akaoa binti za wakubwa ili aliyekuwa adui awe mkwe. Vijana walikaa karibu naye kujifunza vita na kuhudumu. Hata huko mbali, kijiji kilikuwa na mtu wake aliyekula na Mtwa au aliyelelewa bomani. Alikuwa na wapelelezi wengi pia, na neno la msafara utokao pwani lilimfikia kabla msafara haujaiona nchi yake. Kalenga akaizungushia ukuta wa mawe, jambo ambalo watu wa nyanda hizi hawakuwa wamelizoea.

Hata mwaka 1891 Wadachi, yaani Wajerumani, wakaja. Mkuu wa jeshi lao alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Huyu astahili maneno machache, kwa kuwa alikuwa mfano wa mwenye elimu asiye na akili ya watu. Mwaka 1888 alikuwa Pangani, wakili wa kampuni ya Kijerumani, na kwa kiburi chake mbele ya liwali na watu wa mji alisaidia kuwasha vita ile ya pwani iliyoongozwa na Abushiri. Miaka mitatu baadaye alipanda Uhehe kwa moyo ule ule, akichoma vijiji njiani, akiwadharau Wahehe kuwa watu wa mikuki tu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, safu yake ilikuwa ikipita katika vichaka na mawe, ndefu na nyembamba, bunduki nyingi hazikutiwa risasi, na zile za bombomu zipigazo mfululizo hazikuwa tayari. Wahehe walikuwa wamelala pande zote, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Vita haikuchukua muda mrefu. Zelewski mwenyewe aliuawa kwa mkuki, na husimuliwa kuwa aliyemchoma alikuwa kijana mdogo. Wazungu 10 walikufa, na askari zaidi ya 200. Wahehe wakapata bunduki kama 300.

Lakini Wahehe nao walipoteza wanaume wengi, wengine siku ile, wengine kwa majeraha baadaye. Mkwawa aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Sisi twadhani ushindi ule uliutia moyo wake mambo mawili yasiyopatana, fahari na hofu, wala hakupata njia ya kuyapatanisha. Katika mwaka 1892 watu wake waliishambulia ngome ya Wadachi huko Kilosa. Hiyo ilikuwa fahari. Kisha akazidi kuutegemea ukuta wa Kalenga. Hiyo ilikuwa hofu. Kilichomshindia Lugalo hakikuwa ukuta, bali kujificha, kujua ardhi, na kumpiga adui akiwa njiani. Lakini Gavana von Schele alipokuja mwaka 1894 na jeshi kubwa na mizinga, hakuvamiwa njiani kama Zelewski. Aliachwa mpaka akafika mbele ya ukuta. Wenyeji husema jina la kilima cha Tosamaganga limetoka siku zile, mizinga ilipokuwa ikitupa mawe yake Kalenga. Tarehe 30 Oktoba askari wakaupanda ukuta, wakiongozwa na Tom von Prince, aliyeitwa Sakarani, wakapigana nyumba kwa nyumba hata ngome ikatwaliwa.

Wahehe husimulia kwamba Mkwawa, alipoona yote yameharibika, alikaa ndani ya nyumba iliyojaa baruti akitaka kufa humo. Watu wake wakamshika wakamtoa kwa nguvu, na mshauri wake mmoja, Ngosingosi, akabaki na kuiwasha baruti ile, akafa yeye. Katika saa ile kiongozi aliyekuwa akiamuru wote alichukuliwa na wale aliowaamuru. Hatujui kama aliwashukuru.

Na hapa yafaa tuwataje majirani, kwa maana jeraha lake kubwa lilitoka kwao. Tangu siku za Munyigumba Wahehe walikuwa wamewasukuma Wasangu. Merere alifukuzwa katika mji wake Utengule, akaenda kujenga Utengule nyingine upande wa Usafwa, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Wabena nao walitekwa ng'ombe na watu mara nyingi. Mkwawa, aliyeweza kumfanya aliyeshindwa kuwa mkwe wake ndani ya Uhehe, hakufanya hivyo nje ya mpaka wake. Au alijaribu kwa kuchelewa. Aliye ndani alimjua kwa jina, aliye nje alimjua kwa ng'ombe wake. Basi Wadachi walipotafuta marafiki waliwapata bila taabu. Mwaka 1896 wakamrudisha Merere katika Utengule ya zamani huko Usangu, na mashujaa wa Kisangu wakawa upande wao. Kiwanga wa bonde la Ulanga naye alikuwa nao. Sisi hatuwalaumu watu hao. Aliyekosewa na jirani kwa miaka 20 hawezi kuulizwa kwa nini hakuja kuzima moto wa jirani huyo.

Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa hakuwa na ngome. Mwaka 1896 Prince akajenga kituo Iringa, na wakubwa wa Wahehe wakaja mmoja mmoja kujitoa. Mpangile, shujaa wa Lugalo, alikuwa mmojawapo. Akawekwa kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka ule, na mwezi wa Februari 1897 akanyongwa, kwa kuwa Wadachi walimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Rupia 5,000 ziliahidiwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Mali hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mkulima wa siku zile. Nyumba zikachomwa, chakula kikachukuliwa, njaa ikaingia.

Hata hivyo watu hawakumtoa. Walimlisha, walimpasha habari, walimhamisha kutoka msitu hata msitu, tangu mwaka 1894 hata 1898. Wako wasemao ni kwa ajili ya hofu, kwa kuwa Mkwawa alikuwa mkali na adhabu zake zilijulikana. Hofu ina sehemu yake, hatukatai. Lakini mtu huogopwa akiwa na nguvu, na katika mwaka 1897 wenye nguvu ya kuua na kuchoma walikuwa Wadachi. Kama ni hofu tu, ingewapeleka watu Iringa, kituoni. Sisi twaona walikuwa wakimrudishia kitu. Miaka mingi alikuwa amewafanya wajione kuwa watu wamoja, wenye jina. Aliyemtoa Mkwawa alikuwa anajitoa mwenyewe. Jambo hilo halinunuliwi kwa ng'ombe wa vita, wala ukali hauwezi kulileta. Tena ni lazima tuseme na upande wa pili, kwamba waliolipa gharama ya uaminifu huo walikuwa wanawake na watoto wenye njaa, na Mtwa hakuwaachilia wasiilipe.

Mwishoni alikuwa mgonjwa, na walio pamoja naye walikuwa wachache sana. Katika Julai 1898 kikosi cha Feldwebel Merkl kilimkamata kijana aliyekuwa mhudumu wake, naye akawaonyesha mahali. Walipofika Mlambalasi, kwenye njia iendayo Mbuga ya Ruaha, tarehe 19 Julai, Mkwawa alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Walikata kichwa chake wakakipeleka Iringa.

Katika Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 liliandikwa kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe, na halikurudishwa mpaka Gavana Twining alipolitafuta katika makumbusho ya Bremen. Wako wanaoshuku hata leo kama ndilo lenyewe. Tarehe 19 Juni 1954 alilileta Kalenga, na aliyelipokea alikuwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Huyo mwaka 1962 akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge, na kwa miaka mingi, hata 1994 ukitoa miaka miwili katikati, kazi yake ilikuwa kukaa kitini, kuwasikiliza watu wa makabila yote, Wasangu na Wabena wakiwamo, na kumpa kila mmoja zamu yake ya kusema.