Grace Hopper, admirali aliyewapa wafanyabiashara lugha ya kompyuta

KATIKA mitaa ya Makongeni na Muthurwa, Eastlands, Nairobi, familia nyingi zililelewa kwa mshahara wa reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa taasisi za kwanza nchini Kenya kufunga kompyuta. Mishahara, malipo ya uzeeni na hesabu za bohari ni kazi zisizo na fahari, lakini ndizo zilizomshughulisha kwa miaka mingi mwanahisabati wa Marekani, marehemu Grace Hopper.

Alizaliwa New York Desemba 9, 1906. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha katika chuo cha Vassar. Vita vilimtoa darasani. Mwaka 1943 alijiunga na kikosi cha akiba cha Jeshi la Wanamaji, na mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kuihudumia Mark I, mtambo wa kukokotoa wenye urefu wa mita 15 hivi.

Siku hizo kila mtambo ulikuwa na amri zake za tarakimu. Kampuni iliponunua mtambo mwingine, programu zake za zamani hazikufaa tena, zikaandikwa upya tangu mwanzo. Mwaka 1952 Hopper alitayarisha A-0, programu iliyoikabidhi kompyuta yenyewe kazi ya kuziunganisha amri hizo. Wengi hawakuamini. Baadaye akaunda FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida badala ya alama za kihisabati.

Mnamo Mei 1959 maafisa wa serikali na wawakilishi wa makampuni walikutana Pentagon kutafuta lugha moja ya biashara. COBOL, iliyotokana na mkutano huo, ilibuniwa na kamati, akiwamo Jean Sammet. Si haki kumpa Hopper sifa zote. Hata hivyo, iliegemea sana FLOW-MATIC. Desemba 1960, programu karibu ile ile iliendeshwa kwenye mitambo ya kampuni mbili zilizoshindana.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena mwaka 1967 aisanifishe lugha hiyo. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume, kuwakejeli walioshikilia desturi. Aliondoka jeshini Agosti 1986 akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992.

Leo COBOL ndiyo mzee anayetafutiwa mrithi. Aprili 2020, maombi ya fedha za wasio na kazi yalipofurika, gavana wa New Jersey aliomba wajitolee wanaoifahamu. Wengine huchagua Java, lakini ugumu mkubwa haumo katika jina la lugha mpya. Umo katika kanuni za malipo zilizofichika ndani ya mistari iliyoandikwa na watu waliokwisha kustaafu. COBOL, tena, hukokotoa fedha kwa desimali kamili. Mrithi akitumia sehemu za makadirio, senti za mstaafu huanza kupotea mwisho wa mwezi wa kwanza.