Vasco da Gama, kiseyeye na machungwa ya Malindi

Wengi wenu mliosoma shule za Malindi, Watamu au Kilifi mliwahi kupelekwa kuiona Nguzo ya Vasco da Gama. Mkapiga picha, mkala viazi karai, mkarudi kwenye basi. Mwalimu alisema Mreno huyu alifika hapa 1498 akielekea India, na hilo ni kweli. Ila kuna kipande cha maisha yake kinachohusu meno na fizi. Kama umetolewa bresi juzijuzi ukapewa riteina, au una mdogo wako anayevaa hicho kidude, basi kipande hiki kinakuhusu.

Vasco alizaliwa Sines, mji wa pwani ya Ureno, miaka ya 1460. Tarehe 8 Julai 1497 aling'oa nanga Lisbon akiwa na meli 4 na watu wapatao 170. Kaka yake Paulo alikuwa nahodha wa mojawapo, São Rafael. Chakula cha safari kilikuwa biskuti ngumu, nyama ya chumvi na divai. Matunda? Hayo yalingoja mpaka wafike bandari.

Januari 1498, wakiwa kwenye mto mmoja wa Msumbiji, wengi waliugua. Miguu na mikono ilivimba, na fizi zikaota mpaka zikafunika meno, mtu akashindwa kula. Hicho ndicho kiseyeye. Aprili walifika Mombasa, ambako sultani aliwatumia kondoo, machungwa, ndimu na miwa kabla mambo hayajaharibika kati yao. Wagonjwa wakapata nafuu. Wareno wenyewe walidhani ni hewa nzuri ya Mombasa iliyowaponya!

Malindi walifika katikati ya mwezi huohuo. Mfalme wa hapa hakuwa akielewana na Mombasa, kwa hiyo mgeni mwenye mizinga alimfaa. Aliwapa chakula na mwongoza njia aliyeijua bahari. Utasikia kwamba huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakubali, wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Waliondoka 24 Aprili, na kufikia 20 Mei walikuwa karibu na Calicut. Kusi ilikuwa nyuma yao, mambo yakawa rahisi.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Mvuvi yeyote wa Mayungu angemwambia angoje kaskazi ishike vizuri, maana ndiyo iliyoleta majahazi ya India huku kwetu. Vasco aliondoka mapema Oktoba. Upepo ukakatika, ukaja wa mbele, ukakatika tena. Njia aliyoipita kwa wiki 4 hivi ikamla karibu miezi 3, bila tunda wala mboga. Watu kama 30 walikufa humo baharini. Kila meli ikabaki na wanaume 7 au 8 wenye nguvu ya kufanya kazi, nao pia si wazima.

Tuelewane hapa, kwani ndipo riteina inapoingia. Jino halijachomekwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao. Limening'inizwa ndani ya shimo lake kwa nyuzi ndogo sana za kolajeni, na mwili huzivunja na kuzisuka upya kila wakati, haraka kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Ili kusuka kolajeni imara mwili unahitaji vitamini C. Ikikosekana kwa miezi 2 au 3, uvunjaji unaendelea huku usukaji ukikwama. Fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanacheza, mengine yanatoka.

Bresi hutumia kusukwasukwa hukohuko kusogeza meno pole pole. Siku inapotolewa, meno yamenyooka lakini nyuzi hazijatulia mahali papya. Zile za kuzunguka jino huchukua miezi kadhaa, za ndani ya fizi mwaka au hata zaidi, na muda wote huo zinalivuta jino kurudi lilikotoka. Riteina inalishika jino likisubiri. Ndiyo maana mtoto anayeisahau nyumbani kwa nyanya yake Mambrui likizo nzima anarudi, anaivaa, inabana. Hiyo si riteina iliyopungua, ni meno yaliyohama.

Kuitunza si kazi kubwa, ila inataka kila siku. Ukiitoa tu, isuuze kabla mate hayajakaukia juu yake, kisha isugue kwa mswaki laini na maji ya kawaida na tone la sabuni ya maji. Dawa ya meno huikwaruza ile ya plastiki angavu, na kwenye mikwaruzo ndimo uchafu na harufu hujificha. Maji ya moto usiyaguse kabisa: kuna wazazi wanaoimwagia maji ya birika wakidhani wanaua vijidudu, inapinda hapohapo. Vivyo hivyo ukiiacha kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana Malindi, jua litakufanyia kazi ya birika. Jiki pia hapana. Mabuyu mekundu, achari, embe bichi la pilipili, vyote kula, lakini kwanza itoe uiweke kwenye kikopo chake, si kwenye tishu. Ya kwenye tishu huishia jaani pamoja na maganda ya muhogo. Ikivunjika au ikipotea, mpeleke mtoto kwa daktari wa meno wiki hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa turudi baharini. Tarehe 7 Januari 1499 meli zilitia nanga Malindi. Karibu jambo la kwanza Vasco alilofanya ni kutuma mtu nchi kavu atafute machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Yakaletwa kesho yake. Wengine walikuwa wameshazidiwa, wakafa hapahapa Malindi. Siku hizohizo aliomba ruhusa ya mfalme kusimamisha nguzo ya urafiki. Kwa hiyo nguzo inayopigwa picha ni ya safari ya kurudi, iliyosimamishwa na watu ambao wengi wao hawakuweza kutafuna mkate. Binafsi naona kibao pale kingetaja machungwa.

Baada ya siku chache waliichoma São Rafael karibu na pwani ya Tanga, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha meli 3. Paulo alifia kisiwa cha Terceira, bila kuiona Lisbon. Waliorudi hawakufika nusu ya waliotoka.

Vasco akawa tajiri na mwenye cheo. Mwaka 1502 alirudi na meli nyingi za kivita, akamtisha mtawala wa Kilwa mpaka akatoa dhahabu, na kwenye pwani ya India akaichoma meli ya mahujaji waliotoka Makka, mamia ya watu wakiwemo wanawake. Hilo mwalimu hulipita haraka.

Kiseyeye hakikuwaacha mabaharia. James Lind, daktari Mskoti, aliwajaribu wagonjwa kwa machungwa na malimau mwaka 1747, lakini jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya malimau 1795, karibu miaka 300 baada ya wale wagonjwa wa Malindi kuyalilia.

Mwaka 1524 Vasco alitumwa India mara ya tatu, sasa kama mwakilishi wa mfalme. Alidumu miezi 3 tu, akaugua, akafa Kochi tarehe 24 Desemba. Akazikwa hukohuko, na baadaye mifupa yake ikapakiwa melini kurudishwa Ureno.