Mfahamu Maudslay, fundi aliyenyimwa nyongeza ya mshahara akabadili historia ya bolti na nati

Nati ikidondoka kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Kasulu, mwenye mashine anamtuma kijana dukani akanunue nyingine ya namba ileile. Kibondo nako ni hivyohivyo kwa baiskeli na bodaboda. Unataja namba, unalipa, unafunga, safari inaendelea.

Miaka 250 iliyopita hilo halikuwezekana. Kila bolti ilikuwa na nati yake moja tu. Mafundi waliziwekea alama ili zisichanganyike, maana zikichanganyika hazifungi tena. Mmoja wa watu waliobadili hali hiyo ni Mwingereza Henry Maudslay.

Alizaliwa Agosti 22, 1771 huko Woolwich, karibu na London. Akiwa na miaka 12 alianza kibarua cha kujaza baruti kwenye risasi katika kiwanda cha silaha cha serikali. Baadaye akapelekwa karakana ya useremala, lakini moyo wake ulikuwa kwenye chuma. Akiwa na miaka 15 hivi akahamia kwa wahunzi.

Sifa zake zilimfikia Joseph Bramah, mtengeneza kufuli maarufu wa London. Mwaka 1789 akamchukua, ingawa alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Maudslay ndiye aliyetengeneza kufuli ambayo Bramah aliiweka dirishani mwa duka lake mwaka 1790, akiahidi zawadi kwa atakayeifungua bila ufunguo. Haikufunguliwa hadi 1851.

Akapanda hadi kuwa msimamizi wa karakana. Mwaka 1797 alikuwa akilipwa shilingi 30 kwa wiki, na familia inamtegemea. Akaomba aongezwe. Bosi akakataa. Maudslay hakubembeleza, akaondoka na kufungua karakana yake ndogo London.

Huko ndiko alikotengeneza mashine iliyompa jina: kerezo ya kukata nyuzi za bolti, ile ambayo mafundi wetu huiita lethi.

Kabla yake, fundi wengi walishika kisu kwa mkono huku chuma kikizunguka. Mkono ukitetemeka, nyuzi zinapinda. Maudslay alikifunga kisu kwenye kitako imara cha chuma. Kitako hicho kilisukumwa na skrubu ndefu, iliyounganishwa kwa gia na chuma kinachochongwa. Chuma kikizunguka mara moja, kisu kinasogea hatua ileile, bila kuzidi wala kupungua. Ukitaka nyuzi nene au nyembamba, unabadilisha gia tu.

Hakuwa wa kwanza kufikiria hivyo. Jesse Ramsden wa Uingereza na Senot wa Ufaransa walishajaribu. Ila ya Maudslay ilikuwa ya chuma, imara, na ilifaa kazi za kila siku. Aliwahi kuchonga skrubu ya futi 5 yenye nyuzi 50 kwa kila inchi.

Kazi kubwa zikafuata. Alitengeneza mashine za kuunda kapi za meli za kivita huko Portsmouth, kwa michoro ya Marc Isambard Brunel. Watu 10 wakafanya kazi iliyohitaji watu 110.

Karakana yake ikawa chuo. Kijana mmoja aliyepita hapo, Joseph Whitworth, mwaka 1841 alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi kwa viwanda vyote vya Uingereza. Hapo ndipo nati ya kiwanda kimoja ilipoanza kufunga bolti ya kiwanda kingine. Vipimo vya milimita vilikuja baadaye.

Ndiyo maana mafundi wanaonya: bolti ya nusu inchi na ya milimita 12 zinakaribiana kwa macho, lakini nyuzi zao ni tofauti. Nati ikigoma kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana. Utaua nyuzi, na mashine italala.

Shafti ya mashine ikiliwa nyuzi, Kasulu au Kibondo, dawa ni kuipeleka kwa mwenye lethi. Atajazia kwa kuchomelea, atachonga, kisha atakata nyuzi upya. Lethi hiyo inaweza kuwa na mota ya umeme, lakini siri yake ni ileile: skrubu ndefu, gia na kisu kisichotetemeka.

Maudslay alishikwa na baridi akirudi kutoka Ufaransa, akafariki Februari 14, 1831 akiwa na miaka 59. Alizikwa Woolwich alikozaliwa, kwenye kaburi alilolichora mwenyewe. Halikuwa la jiwe. Lilikuwa la chuma.