Frida Kahlo: mchoraji aliyetafuta ukoo wake kwenye kioo

Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko aliacha picha karibu 150. Zaidi ya 50 kati yake zinaonyesha sura yake mwenyewe. Historia ya jamaa yake inaeleza sababu.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1907 huko Coyoacán, karibu na mji mkuu wa Meksiko. Baba yake, Guillermo Kahlo, alikuwa mpiga picha aliyehamia huko kutoka Ujerumani. Mama yake, Matilde Calderón, alikuwa na damu ya Wahispania na ya wenyeji wa asili. Akiwa na miaka 6, Frida alipatwa na polio, na mguu wake wa kuume ukabaki mwembamba.

Tarehe 17 Septemba 1925, basi alimokuwa liligongana na tramu. Alikuwa na miaka 18 na alitamani kuwa daktari. Alivunjika uti wa mgongo, nyonga na mguu. Alipolala kitandani miezi mingi, mama alimtafutia ubao wa kuchorea akiwa amelala, baba akampa rangi zake, na kioo kikawekwa juu ya kitanda. Kila alipoinua macho alijiona mwenyewe. Ndipo akaanza kujichora.

Mwaka 1929 aliolewa na Diego Rivera, mchoraji mashuhuri aliyemzidi miaka 20. Mwaka 1932, wakiwa Detroit, Marekani, mimba yake iliharibika. Miezi michache baadaye mama yake akafariki. Frida hakupata mtoto hata mmoja.

Mwaka 1936 alichora ukoo wake. Katika picha hiyo yeye ni msichana mdogo amesimama kwenye ua wa nyumba yao, ameshika utepe mwekundu unaofika hadi kwa babu na bibi zake. Wazazi wa mama wako juu ya milima ya Meksiko, wazazi wa baba juu ya bahari. Yeye asiyekuwa na mtoto wa kumfuata, alionyesha wale waliomtangulia.

Mwaka 1939 yeye na Diego waliachana. Alichora Frida wawili wameshikana mikono, mmoja kwa vazi la Kizungu, mwingine kwa vazi la wanawake wa Tehuantepec. Mshipa mmoja wa damu unaunganisha mioyo yao. Mwaka uliofuata aliolewa tena na Diego huyohuyo.

Mwaka 1951, miaka 10 baada ya kifo cha baba yake, alimchora pia, pamoja na kamera yake.

Frida alifariki tarehe 13 Julai 1954, akiwa na miaka 47, katika nyumba ileile aliyokulia. Tangu mwaka 1958 nyumba hiyo ya buluu ni makumbusho, na kitanda chenye kioo bado kimo ndani.